Bakteria sugu katika nyama, maziwa na mayai mabichi

Bakteria sugu ni bakteria ambaye dawa iliyokuwa ikimuua haimuui tena. Akiwa kwenye kuku wa buchani, kwenye maziwa yaliyokamuliwa asubuhi au kwenye ganda la yai, humtambui kwa macho wala kwa harufu. Tofauti huonekana mtu akishaugua: anaandikiwa dawa, anamaliza dozi, na homa iko palepale. Tanzania hali hii huitwa kwa kifupi UVIDA, yaani usugu wa vimelea dhidi ya dawa.

Wengi huchanganya jambo hili na mabaki ya dawa. Mabaki ni dawa yenyewe iliyosalia mwilini mwa mnyama: ng'ombe kadungwa sindano ya ugonjwa wa kiwele, na maziwa yake yakauzwa kabla siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa hazijaisha. Hilo nalo ni kosa, na kuchemsha hakuondoi kila dawa. Lakini bakteria sugu ni kiumbe hai. Anazaana, na anaweza kukutwa kwenye nyama isiyo na hata chembe ya dawa.

Usugu huu huanzia bandani. Utumbo wa kuku mmoja una mabilioni ya bakteria, na miongoni mwao hutokea wachache wenye uwezo wa kujikinga: wengine hutoa kimeng'enya kinachoharibu penisilini, wengine huisukuma dawa nje ya seli kabla haijafanya kazi. Antibiotiki ikitiwa kwenye maji ya banda zima, wanyonge hufa na hao wachache hubaki na nafasi yote. E. koli, bakteria wa kawaida wa utumboni, akipata mazingira mazuri hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi, kwa hiyo nafasi hujazwa upesi. Dozi ndogo ya kila siku, ile ya kunenepesha au ya kuzuia ugonjwa ambao haujaingia, ndiyo inayoendeleza mchujo huu kwa muda mrefu. Sweden ilikataza antibiotiki za kunenepesha mifugo mwaka 1986; Umoja wa Ulaya wote ulifuata Januari 1, 2006.

Kuna matumizi mengine yanayoniuma zaidi, kwa sababu hayamfai hata mfugaji. Kuku wakianza kufa kwa kideri, watu hukimbilia duka la dawa za mifugo kununua antibiotiki iitwayo oksitetrasaiklini. Kideri huletwa na kirusi, na antibiotiki haiui kirusi. Fedha imekwenda, kuku wamekufa, na waliopona wamebaki na bakteria waliochujwa na dawa. Kinga ya kideri ni chanjo, na ipo ya kudondoshea jichoni.

Kibaya zaidi, usugu haurithiwi kwa kuzaana tu. Mara nyingi jeni zake hukaa kwenye kipande kidogo cha DNA kiitwacho plasmidi, na bakteria anaweza kumpa mwenzake nakala, hata kama ni wa aina nyingine. Hivyo E. koli wa kuku, asiyekuletea ugonjwa wowote, akipita tumboni mwako anaweza kuwaachia usugu wake bakteria wanaoishi humo.

Novemba 2015 watafiti nchini China walitangaza jeni ya namna hiyo, mcr-1, inayokinza kolistini. Kolistini ni dawa ya zamani iliyowekwa kando kwa sababu ya madhara yake kwenye figo, ikarudishwa hospitalini kama tegemeo la mwisho pale nyingine zinaposhindwa. Wakati huohuo mashamba ya China yalikuwa yakiitumia kwa wingi kwenye chakula cha mifugo. Jeni hiyo ilikutwa katika E. koli wa sampuli 78 kati ya 523 za nyama mbichi, 166 kati ya 804 za mifugo, na 16 tu kati ya 1,322 za wagonjwa. Kwa mifugo ilikuwa imeshaenea. Kwa wagonjwa ilikuwa ndiyo kwanza inaonekana. China ikakataza kolistini ya kunenepesha mwaka 2017, na tafiti zilizofuata zikaonyesha mcr-1 imepungua kwa nguruwe na kwa watu pia.

Moto huwaua bakteria hawa. Usugu wao ni wa dawa, si wa joto: nyama ikifika nyuzi 70 za Selsiasi hadi katikati, sugu na asiye sugu hufa sawa, na maziwa yakichemka ni vivyo hivyo. Mtindi uliogandishwa kwa maziwa mabichi haukupata ulinzi huo. Jikoni hatari hupita kabla ya sufuria. Kuku anakatwa kwenye kibao, kibao kinapanguswa kwa kitambaa, kisha hapohapo zinakatwa nyanya na vitunguu vya kachumbari isiyoonja moto. Maji ya kuoshea kuku huruka hadi kwenye vyombo vilivyokwisha kusafishwa. Nyama choma inaepuliwa na kurudishwa kwenye sinia ileile iliyoibeba ikiwa mbichi. Kachumbari ikatwe kwanza, nyama iwe na kibao chake, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa kitu kingine. Mchinjaji, mkamuaji na muuza bucha wanahitaji maji na sabuni hiyo kuliko sisi walaji, maana wao hushika vibichi kutwa nzima, na mara nyingi bomba haliko karibu.