Je, wajua benki zilivyoweza kuipinda riba ya dunia kwa kujibu swali moja?

Kila siku ya kazi, kabla ya saa tano asubuhi kwa saa za London, benki kadhaa kubwa zilizoteuliwa zilijibu swali moja: mkitaka kukopa kwa benki nyingine sasa hivi, mnadhani mtatozwa riba kiasi gani? Majibu hayo ndiyo yaliyozaa Libor, riba iliyoanza kutangazwa rasmi mwaka 1986. Mikopo ya nyumba, mikopo ya kampuni na mikataba mingine yenye thamani ya zaidi ya dola trilioni 300 ilikuja kuifuata.

Litazame tena swali lile. Benki hazikuulizwa zimekopa kwa riba gani, bali zinadhani nini.

Kwa Libor ya dola, mwaka 2008, benki 16 zilitaja namba. Nne za juu na nne za chini zilitupwa, nane zilizobaki zikatafutiwa wastani. Ungedhani utaratibu huo unamkomesha mdanganyifu, maana namba iliyozidi hutupwa. Wapi! Tuseme namba yako ya haki ingeangukia katikati, nawe ukaipandisha mpaka ikaingia kwenye zile nne za juu. Nafasi za juu ni nne tu, kwa hiyo mojawapo iliyokuwa huko inasukumwa kushuka katikati, na wastani unapanda. Namba yako imetupwa, lakini kazi uliyoituma imefanyika. Wala haihitajiki mikiki: mwenye mikataba ya miezi mitatu ya dola bilioni 100 anavuna zaidi ya dola 600,000 riba ikisogea kwa robo tu ya sehemu moja ya mia ya asilimia moja.

Ndiyo maana wafanyabiashara wa fedha wa Barclays waliwaandikia wenzao wanaotaja riba, wakiomba leo iwe juu kidogo, kesho chini kidogo. Mmoja wa nje ya benki hiyo, baada ya kufanyiwa hisani, aliahidi kufungua chupa ya shampeni. Wakati wa msukosuko wa fedha, benki hiyo ilitaja namba za chini kwa sababu nyingine: isionekane inahangaika. Juni 2012 ilitozwa faini za takriban pauni milioni 290 na mamlaka za Uingereza na Marekani, na siku chache baadaye mkurugenzi wake mkuu, Bob Diamond, akajiuzulu.

Utetezi uliosikika sana ni huu: hapakuwa na jibu moja sahihi, nami nilichagua mojawapo ya yanayokubalika. Kwangu hausimami. Shahidi asiye na uhakika kama alimwona mtu saa mbili au saa mbili na nusu anaruhusiwa kutaja ile anayoiamini zaidi. Akitaja saa mbili na nusu kwa kuwa ndiyo inayomlipa, hatoi ushahidi tena, hata kama kwa bahati saa hiyo ndiyo ya kweli. Wengine husema riba ya chini iliwafaa wakopaji. Iliwafaa, kwa fedha za nani? Kila senti aliyopunguziwa mkopaji ilikatwa kwa aliyekuwa akisubiri kulipwa riba hiyo, mifuko ya pensheni ikiwamo, na hao hawakuwa na namna ya kujua.

Sheria nayo ilitatizwa na jambo hilohilo. Tom Hayes, mfanyabiashara wa fedha aliyefanya kazi katika benki za UBS na Citigroup, alihukumiwa kifungo cha miaka 14 mwaka 2015 kwa kuipinda Libor, kikapunguzwa hadi 11. Julai 2025 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilifuta hatia yake. Haikusema mwenendo ule ulikuwa mwema. Ilisema jaji alifanya kuwa suala la sheria kile kilichopaswa kuamuliwa na baraza la wananchi mahakamani: je, namba iliyotajwa ilikuwa maoni ya kweli ya aliyeitaja?

Benki ziliacha kuulizwa riba ya Libor ya dola baada ya tarehe 30 Juni 2023. Iliyochukua nafasi yake, SOFR, hukokotolewa kutokana na mikopo ya usiku mmoja iliyokwisha kutolewa kwa dhamana ya hati za serikali ya Marekani.