Ukingoja tingatinga, umechelewa

Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria mkutano kuhusu upanuzi wa barabara katika ukumbi mmoja huko Eastlands, Nairobi. Mama anayeuza mboga karibu na steji alisimama akauliza, "Injinia, sisi tutavukia wapi?" Akajibiwa kwamba michoro imeshapitishwa na mkandarasi ameshapewa kazi. Jibu hilo lilinichoma. Swali lake lilishinda yote yaliyoulizwa siku hiyo, ila pesa zilikuwa zimeshagawanywa.

Mimi ni mpangaji miji, na tangu siku hiyo nawaambia wakazi wafuate bajeti, kwa kuwa barabara huanzia huko. Kila mwaka, kufikia tarehe 1 Septemba, kaunti hutakiwa kuwasilisha kwenye bunge lake mpango wa maendeleo wa mwaka wa fedha utakaoanza Julai inayofuata. Kivuko chenu kisipotajwa humo, kukitafutia pesa baadaye ni kazi ngumu sana. Makadirio ya bajeti yenyewe hufika kwenye bunge hilo la kaunti kufikia 30 Aprili. Basi mtafuteni mwakilishi wadi mwezi wa Julai, wakati hakuna anayezungumzia barabara.

Jueni pia barabara ni ya nani, maana barua nyingi hupotelea hapo. Barabara za mtaani, taa zake na maegesho ni vya kaunti. Outer Ring iko chini ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini, na Thika Road chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu. Mabasi ya BRT, yaani ya mwendo kasi yenye njia zake, yanahusu NaMATA, mamlaka ya usafiri wa jiji na viunga vyake iliyoundwa 2017 kuhudumia Nairobi pamoja na Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a.

Kisha hesabuni. Watu wawili na daftari, saa moja hadi saa mbili asubuhi: kila anayevuka, alama moja. Wanafunzi waandikwe kando, wenye mikokoteni kando. Rudieni siku tatu, na moja iwe ya mvua, mwone watu wanavyokwepa mtaro uliofurika. Ofisini tuna takwimu nyingi za magari kuliko za wanaotembea, ilhali ukisimama Jogoo Road alfajiri utaona msururu wa watu wakielekea Industrial Area kwa miguu. Daftari lenu laweza kuziba pengo hilo. Ramani ya njia za matatu za Nairobi iliyotolewa 2014 ilipatikana kwa njia kama hiyo: wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na watafiti wa vyuo vikuu vya MIT na Columbia vya Marekani, walipanda matatu na simu mkononi, wakirekodi steji moja baada ya nyingine.

Mkinyimwa michoro, andikeni ombi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na sababu yenu ya kuitaka habari haiwezi kuwa kisingizio cha kuwanyima. Wakinyamaza, nendeni kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Miradi mikubwa ina mlango mwingine: NEMA, mamlaka ya mazingira, hupokea maoni ya umma kuhusu ripoti ya athari kwa mazingira kabla ya kutoa leseni.

Na mkutanoni, kabla ya kuondoka, ombeni swali lenu lisomwe jinsi lilivyoandikwa kwenye kumbukumbu. Yule mama wa mboga alitia sahihi orodha ya mahudhurio. Niliisoma ripoti baadaye: jina lake limo miongoni mwa walioshirikishwa, swali lake halimo.