"Nyekundu imeshapita": dhana kuhusu tonado zinazowaponza watu

Kila mwaka ikikaribia Machi, maswali kuhusu tonado, ile nguzo ya upepo unaozunguka kutoka wingu la dhoruba hadi ardhini, huanza kumiminika kutoka kwa wasemaji wa Kiswahili walioko Kentucky, Iowa, Missouri, Texas na Ohio. Karibu yote huja na picha ya simu: ramani ya rada, doa jekundu katikati, na swali, "Hii ndiyo tonado?" Muulizaji mwenyewe ameshasimama dirishani. Majibu ni haya. La kwanza ni refu kuliko mengine kwa sababu ndilo linaloudhi zaidi.

Dhana: Nyekundu ndiyo tonado. Ikishapita, tumesalimika.

Hapana. Rangi za kwenye programu nyingi za simu zinaonyesha kitu kimoja tu, nguvu ya mwangwi unaorudi kwenye rada kutoka kwenye matone ya mvua na mawe ya barafu. Kijani ni mvua nyepesi, njano ni nzito, nyekundu na zambarau ni mvua kubwa mno au mawe. Kuhusu upepo picha hiyo haisemi lolote.

Sasa chukua supaseli, dhoruba inayozaa tonado nyingi kubwa. Ni dhoruba moja ambayo hewa inayopanda ndani yake inapanda huku ikizunguka. Kwenye tambarare za Marekani nyingi huelekea kaskazini mashariki. Mvua na mawe hutangulia. Tonado, kama ipo, hufuata nyuma, upande wa kusini magharibi, pale picha ya mvua inapojikunja na kufanya umbo ambalo watabiri huliita ndoano. Aliye kwenye njia yake mambo humjia kwa mpangilio huu: giza, mvua, mvua kubwa, mawe, halafu kimya. Mawe yamekoma, mvua imekatika, pengine hata mwanga unaonekana upande wa magharibi. Hapo ndipo watu hutoka nje kukagua kioo cha gari na kupiga picha jiwe kubwa walilookota. Na hapo ndipo ndoano inapowafikia. Nyekundu kweli imepita. Kilichokuwa nyuma yake ndicho kilichotangaziwa onyo.

Wala usidhani kila dhoruba itafuata ratiba hiyo. Alabama, Mississippi na Tennessee, kwenye unyevu mwingi, mvua mara nyingi huizingira tonado pande zote usiione mpaka ifike. Na dhoruba zinapojipanga mstari mrefu, tonado inaweza kuzaliwa na kufa kati ya picha moja ya rada na inayofuata, bila ndoano yoyote.

Mtabiri anayetafuta mzunguko huangalia picha nyingine kabisa, ya kasi ya upepo. Humo kijani ni upepo unaoijia rada na nyekundu ni unaoikimbia. Anachotafuta ni kijani kikali kilichobanana na nyekundu kali, bega kwa bega, kwenye mwale wa chini kabisa wa mawimbi yanayotumwa na rada, na jozi hiyo idumu kwa mizunguko miwili mitatu ya rada. Kuna mtego: rada hupima tu sehemu ya upepo inayoisogelea au kuikimbia. Upepo unaokatiza mwale moja kwa moja hausomeki.

Ipo picha ya tatu. Kufikia 2013 mtandao wa rada wa taifa, wa vituo kama 160, ulikuwa umefungiwa vifaa vya kutuma mawimbi ya mlalo na ya wima kwa pamoja. Matone ya mvua yanafanana, kwa hiyo kipimo cha ufanano wake hukaa karibu na 1. Mbao, mabati, matawi na sufi ya kuta havifanani, na kipimo hushuka chini ya 0.8. Doa la namna hiyo likitokea juu ya jozi ya kijani na nyekundu, penye mwangwi mkali, tonado ipo na imeshavunja vitu vya watu. Anayesubiri alama hiyo ndipo ajifiche anasubiri nyumba ya jirani irushwe kwanza.

Halafu kuna suala la urefu, ambalo programu za simu hazikuambii. Mwale wa chini huinuliwa nusu digrii, na dunia imepinda. Kwa hiyo kilomita 50 kutoka kituoni katikati ya mwale iko mita 600 hivi juu ya ardhi. Kilomita 100, kama kilomita moja na nusu. Kilomita 150, zaidi ya kilomita mbili na nusu. Mwale nao hupanuka, na kufika kilomita 100 una upana wa zaidi ya kilomita moja na nusu, wakati tonado nyingi hazifikii hata nusu kilomita. Mara nyingi rada haioni tonado yenyewe. Inaona mzunguko mpana ulio juu yake, na mizunguko mingi ya aina hiyo haishuki kamwe. Ndiyo maana bado wanahitajika watu wa kujitolea waliofundishwa, wa mpango wa SKYWARN, wanaotazama kwa macho na kupiga simu. Na ndiyo maana karibu maonyo saba kati ya kumi huisha bila tonado. Anayenung'unika kwamba "walitutisha bure" ajue kwamba kupunguza maonyo hayo kwa vifaa vilivyopo maana yake ni kuacha tonado nyingine zipite bila onyo.

Mwisho, saa. Wakati wa dhoruba rada humaliza mzunguko mzima kwa dakika 4 hadi 6. Mwale wa chini unaweza kurudiwa katikati kila dakika mbili hivi, kituo kikiamua. Programu nayo huongeza ucheleweshaji wake. Dhoruba inayokwenda kilomita 80 kwa saa hukata karibu kilomita 7 kwa dakika 5. Picha ikiwa ya dakika 5 zilizopita na ndoano inaonekana kilomita 7 kutoka kwako, ndoano hiyo sasa iko juu ya paa lako.

Kama huwezi kujizuia kuangalia, basi angalia kwa akili. Soma kwanza saa ya picha; ikiandikwa 22:15Z (Z ni saa ya kimataifa, UTC), kwa mtu wa Des Moines mwezi Mei ni saa kumi na moja na robo jioni. Chagua kituo kimoja cha rada na mwale wa chini kabisa, usitumie picha ya mchanganyiko inayobeba mwangwi mkali kuliko yote ya ngazi zote. Zima ulainishaji wa picha, maana unafuta ncha ya ndoano. Mchoro wa "rada ya saa ijayo" ni makisio ya kompyuta, upuuze. Kisha tafuta poligoni ya onyo, yaani mstari unaozunguka eneo lililotangaziwa onyo. Tangu Oktoba 2007 maonyo huchorwa kufuata dhoruba yenyewe, si kaunti nzima, na onyo la tonado kwa kawaida hudumu dakika 30 hadi 45. Nukta yako ikiwa ndani ya mstari, kazi ya ramani imekwisha. Nenda ukajifiche na simu iwe mfukoni.

Dhana: Watch na Warning ni kitu kilekile

Tornado Watch hutoka kituo cha taifa cha dhoruba kilichoko Norman, Oklahoma. Hufunika kaunti nyingi kwa saa kadhaa, na maana yake hewa iko tayari kuzaa tonado. Simu hailii kwa ajili yake. Huo ndio muda wa kuchaji simu, kutafuta viatu vya watoto na kuamua mtajificha wapi. Tornado Warning hutoka ofisi ya hali ya hewa ya eneo lako baada ya mzunguko kuonekana kwenye rada au tonado kuonekana kwa macho, na hiyo ndiyo inayolizisha simu kwa mlio ule wa kukera. Kwa wastani unapata kama dakika kumi kabla ya tonado kufika, na mara nyingine hupati hata moja. Anayeanza kutafuta viatu wakati huo amechelewa.

Dhana: King'ora hakijalia

Ving'ora viliwekwa kwa ajili ya watu walio nje. Ukiwa ndani, umelala, feni inazunguka na mvua inapiga bati, hutakisikia, na hakuna aliyekuahidi kwamba utakisikia. Tena hupigwa na mtu, na mtu hukosea: tarehe 16 Mei 2025 tonado ya EF3 (EF ni daraja la uharibifu, kuanzia 0 hadi 5) ilipita St. Louis na ving'ora vya jiji havikulia. Kunyamaza kwake pia si dalili ya usalama, kwa sababu vingi hulia dakika chache tu kisha hujizima.

Nunua redio ya hali ya hewa. Hili nitalirudia mpaka watu wachoke. Ni redio ndogo ya mezani inayopokea masafa saba, kuanzia megahezi 162.400 hadi 162.550. Unaingiza namba ya kaunti yako ili isikuamshe kwa dhoruba ya watu wengine, unaitia betri za akiba, unaiweka karibu na kitanda. Mtandao wa simu ukikatika, yenyewe inaendelea. Bowling Green, Kentucky, mji wenye wakimbizi wengi wakiwemo wasemao Kiswahili, ulipigwa na tonado ya EF3 mnamo saa saba usiku wa kuamkia tarehe 11 Desemba 2021. Desemba, na usiku wa manane. Ujumbe haukuja kwa Kiswahili, kwa hiyo mzee wa nyumba asiyejua Kiingereza afundishwe mapema: mlio huu na neno "tornado warning" vikikutana, twende.

Dhana: Nitaikimbia kwa gari, ikinizidi nitajificha chini ya flaiova

Tarehe 31 Mei 2013, karibu na El Reno, Oklahoma, tonado ilifikia upana wa kilomita 4.2, pana kuliko zote zilizowahi kupimwa. Iligeuka ghafla na kuongeza kasi. Barabara kuu za eneo la Oklahoma City zilikuwa zimejaa watu waliokuwa wakiikimbia. Tim Samaras, mtafiti aliyezifuatilia tonado kwa miaka mingi na kuzijua vizuri, alikufa siku hiyo ndani ya gari pamoja na mwanawe na mwenzao. Na wewe una ramani ya simu iliyochelewa dakika tano na foleni mbele yako.

Flaiova ni mbaya zaidi. Tundu la chini ya daraja hubana upepo na kuuongezea kasi, na anayepanda juu kwenye mteremko wa zege anajiweka mahali pa kupigwa na vifusi. Tarehe 3 Mei 1999, kwenye tonado zilizopiga Oklahoma, watu watatu walikufa kwenye flaiova tatu tofauti walikokimbilia. Ukikutwa barabarani, tafuta jengo imara. Likikosekana kabisa, ama ubaki kwenye kiti umefunga mkanda na umeinama chini ya usawa wa kioo, ama ulale kwenye mtaro ulio chini kuliko barabara, mikono kichwani. Zote mbili ni za mwenye kukosa pa kwenda.

Dhana: Mlima, mto au maghorofa yatatukinga

Watu wa Topeka, Kansas, waliamini kilima cha Burnett's Mound kinalinda mji wao. Tarehe 8 Juni 1966 tonado ya F5, daraja la juu kabisa la mizani ya zamani, ilipita juu ya kilima hichohicho na kuingia mjini. Ile ya tarehe 18 Machi 1925 ilivuka mto Mississippi na kuua watu 695 katika majimbo matatu. Joplin, Missouri, mwaka 2011, tonado ilikata sehemu ya kusini ya mji wenyewe.

Dhana: Fungua madirisha ili nyumba isipasuke

Yaache. Nyumba huvunjwa na upepo na vitu unavyobeba. Ukifungua dirisha unaingiza upepo ndani ulisukume paa kutoka chini, na unapoteza dakika ukiwa umesimama mbele ya vioo.

Dhana: "Ni EF1 tu hiyo inayokuja"

Daraja la EF hutolewa baadaye, wakaguzi wakiwa wamezunguka kuangalia kilichovunjika. Tonado ya El Reno iliandikwa EF3 kwa sababu ilipita mashambani, ingawa rada za kwenye magari zilipima upepo wa zaidi ya kilomita 450 kwa saa. Anayekutajia daraja la tonado ambayo bado inatembea anabahatisha.

Dhana: Radi hizi tumezizoea nyumbani

Kweli mmezizoea. Kabare, huko Kivu Kusini, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi kuliko karibu kwingine kote duniani, na Ziwa Victoria usiku si mahali pa mchezo. Ila karibu na ikweta upepo wa juu kwa kawaida hautofautiani sana na wa chini, kwa hiyo dhoruba hupanda, humwaga mvua na kujizima yenyewe. Kansas mwezi Mei, upepo wa chini unatoka kusini mashariki ukiwa na unyevu wa Ghuba ya Meksiko, na wa juu unatoka magharibi kwa kasi kubwa. Tofauti hiyo ndiyo inayoisokota hewa. Wingi wa radi haukuambii kama dhoruba inazunguka.

Dhana: Nakaa ghorofa ya tatu, au kwenye trela, sina pa kwenda

Unapo, ila panahitaji kupangwa kabla. Mwenye ghorofa azungumze na jirani wa chini siku ambayo mbingu ni nyeupe: bafu au korido ya katikati ya ghorofa ya chini, isiyo na dirisha, kuta nyingi iwezekanavyo kati yenu na nje. Chumba cha chini ya ardhi kikiwepo ni bora zaidi, na hadithi kwamba kona yake ya kusini magharibi ndiyo salama zaidi achana nayo; kaa chini ya kitu kizito, mbali na madirisha. Mwenye nyumba ya trela aondoke mapema, wakati wa Watch, hata kama imefungwa kwa nyaya. Sehemu kubwa ya wanaouawa na tonado Marekani hufia humo. Kila mtu avae viatu vya kufunga, kwa sababu baada ya hapo mtatembea juu ya vioo na misumari, na watoto wavalishwe helmeti za baiskeli, mkanda wa kidevu ukiwa umefungwa.