Usanifu wa mapito ni nini?

Wengi huiita dhana hii "usanifu wa uzoefu". Mimi naona neno hilo linapotosha, maana kwa Kiswahili mzoefu ni mtu aliyekwisha kulizoea jambo, kama nahodha wa boti za Kibirizi, bandari ya Kigoma, anayeyajua mawimbi ya Ziwa Tanganyika hata gizani. Hapa tunazungumzia yale yanayompata mtu tangu anapoanza kutafuta huduma hadi anaporudi kwake: anachoambiwa, anakosubiri, anatoka akiwa na moyo gani. Kuyapanga hayo kwa makusudi, ukianzia kwa mhusika kabla ya kufikiria jengo na vifaa, ndiyo naita usanifu wa mapito.

Chukua mjamzito wa Mwamgongo, kijiji cha ufukweni kaskazini mwa Gombe, hifadhi ya sokwe. Akihitaji hospitali ya mjini Kigoma, anapanda boti. Ana beseni, kanga mbili tatu, kadi ya kliniki, na dada yake aliyemshika mkono njia nzima. Kwa utaratibu uliozoeleka miaka mingi, dada huyo huachwa mlangoni mwa leba. Mama anaingia peke yake. Mkunga ni mmoja, wenye uchungu ni kadhaa, kwa hiyo kuna saa analala pale hana hata wa kumpa maji. Ukihesabu dawa na vitanda, utasema hospitali haina upungufu. Muulize mama mwenyewe, atakusimulia habari ya ule mlango. Atawasimulia na wenzake kijijini, na mmoja wao zamu yake ikifika atabaki nyumbani kwa mkunga wa jadi.

Mkoani Kigoma mlango huo uliguswa. Kati ya 2016 na 2018 shirika la Thamini Uhai, likishirikiana na serikali, lilijaribu katika baadhi ya vituo kumruhusu mjamzito aingie leba na mtu aliyemchagua mwenyewe. Shirika la Afya Duniani nalo linapendekeza hivyo. Linasikika jambo dogo, lakini kumwingiza mtu mmoja kunabadilisha wodi nzima. Lazima kitanda na kitanda vitengwe kwa pazia, ili mama wa pili asitazamwe na mgeni wa mwenzake. Msindikizaji lazima aelekezwe kazi: kumsugua mgongo mwenzake, kumtembeza, kumpa chai, kumwita mkunga mambo yakibadilika. Kama mama amezoea Kiha na maelezo ni ya Kiswahili, yupo wa kumfafanulia. Na mkunga, ambaye mwanzoni huweza kuhofia macho ya ziada, anahitaji muda wa kuona kwamba amepata mikono ya ziada.

Kinachonisumbua zaidi ni kama mabadiliko ya namna hii yatadumu. Kigoma tumeishi na miradi mingi, na tunajua sauti ya "mradi umeisha". Mmoja uliosalia ni TACARE, mradi wa maendeleo ya vijiji na uhifadhi ulioanzishwa na Taasisi ya Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, mwaka 1994 katika vijiji vinavyoizunguka Gombe. Watanzania waliotumwa vijijini waliwauliza watu wanahitaji nini. Watu wakataja chakula, afya na shule, hawakutaja sokwe, na kazi ikaanzia huko huko walikotaja. Baadaye vijiji vyenyewe vikatenga misitu yao ya hifadhi, na wanaoikagua, simu mkononi wakirekodi wanachokuta, ni wanakijiji wenyewe. Hapo mapito ya mwanakijiji yamebadilika kweli: alikuwa mtu wa kuzuiwa msituni, sasa ndiye anayeandika taarifa zake.

Kwa hiyo nikiingia wodi iliyopangwa vizuri, huwa nauliza pazia linafuliwa na nani, na likichanika, jipya linanunuliwa kwa fungu lipi la kituo. Halafu namtafuta muuguzi aliyeripoti juzi, nimuulize kama kuna aliyemwonyesha stuli ya msindikizaji inawekwa upande gani wa kitanda.