Kwa nini kaburi la Kapteni Kirk lina herufi isiyo yake?

Ukiitazama Star Trek, tamthilia ya televisheni kuhusu chombo cha angani cha Kapteni Kirk, kwa mpangilio ilivyorushwa Marekani mwaka 1966, wiki ya tatu utakuna kichwa. Tarehe 8 Septemba daktari wa chombo ni McCoy, na Sulu anatunza mimea. Tarehe 22 daktari ni mzee mwingine, Piper. Sulu amekuwa mwanafizikia, sare zimebadilika, na Gary Mitchell, aliyepata nguvu za ajabu, anamwumbia Kirk kaburi lenye jiwe lililoandikwa “James R. Kirk”. Baadaye kapteni huyo huyo ni James T.

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu langu: watengenezaji walisinzia. McCoy nilimpa likizo, Piper nikamfanya kaimu, na nilimweleza hivyo kila aliyekuwa tayari kusikiliza. Nilikuwa nimeipindua hadithi nzima. Piper hakumshikia McCoy nafasi, alimtangulia. Episodi hiyo ilipigwa Julai 1965, ikiwa episodi ya pili ya majaribio baada ya kituo cha televisheni cha NBC kuikataa ya kwanza, na wakati huo McCoy hakuwamo kabisa. Kwa hiyo hakuna aliyesahau sare wala daktari. Sisi tulionyeshwa jana baada ya leo.

Mambo haya huenda kama kwa fundi cherehani. Gauni lako limekatwa Jumatatu, lakini lina tarizi nzito. La jirani limekatwa Jumatano, mshono wa kawaida tu, na Ijumaa anapita nalo mbele yako. Anayehesabu magauni yanayotoka mlangoni ataapa kuwa la jirani ndilo lililoanza. Tarizi ya Star Trek ilikuwa picha za angani, zilizochukua wiki nyingi kutengenezwa. Episodi ya The Corbomite Maneuver, yenye picha hizo kwa wingi, ndiyo iliyofungua upigaji wa msimu, Mei 1966, lakini ilirushwa tarehe 10 Novemba. The Man Trap, ile ya tarehe 8 Septemba, ilipigwa baadaye, ikatoka ya kwanza kabisa.

Wanaosikiliza kwa makini “tarehe za nyota” anazotaja kapteni wangeweza kushtuka mapema: episodi ya kaburi ni 1312.4, Corbomite 1512.2, Man Trap 1513.1. Ndio mpangilio wa upigaji hasa! Ila usizishike kama kalenda. Episodi ya Space Seed, iliyorushwa Februari 1967, ni 3141.9, lakini Catspaw, iliyorushwa Oktoba mwaka huo huo, imerudi nyuma hadi 3018.2.

Inabaki ile R, ambayo mpangilio wa urushaji hauwezi kuifuta: herufi ilibadilishwa tu. Upo utetezi, kwamba Mitchell, pamoja na uungu wake wote, alikosea jina la rafiki yake. Utetezi mtamu, lakini ulitungwa baadaye na Gene Roddenberry, muundaji wa Star Trek, kosa lilipogunduliwa. Katika episodi yenyewe Kirk analiona jiwe, na kuhusu herufi hiyo hasemi neno.