Filta mbili za Django si sawa na filta moja

"Filta mbili zikifuatana ni sawa na filta moja yenye masharti mawili." Dhana hii kuhusu Django, mfumo wa Python wa kutengeneza tovuti, na `filter()` yake inayochuja data, inaharibu ripoti kimyakimya, maana programu haitoi kosa lolote.

Chukua duka lenye jedwali la wateja na la oda, kila oda ikiwa na ufunguo wa kigeni unaoelekea kwa mteja wake. Unatafuta wateja wenye oda ya 2023 ambayo haijalipwa. Asha ana oda mbili: ya 2023 ameilipa, ya 2024 bado. Ukiandika `filter(oda__mwaka=2023, oda__imelipwa=False)`, Asha hatokei, na ni sahihi, kwa sababu masharti yote yanapimwa kwenye oda ileile. Ukiandika `filter(oda__mwaka=2023).filter(oda__imelipwa=False)`, Asha huyo hapo! Django imeunganisha jedwali la oda mara mbili: oda moja ikatimiza mwaka, nyingine ikatimiza deni. Sasa Asha anadaiwa pesa za 2023 alizokwisha kulipa.

Ukitoka kwenye oda kwenda kwa mteja, tofauti hii haipo, kwani oda ina mteja mmoja tu. Ndiyo maana mtu huandika Django miaka mingi asikutane nayo.

Wengine husema `distinct()` inatibu. Haitibu. Inaondoa majina yaliyojirudia tu, na Asha anabaki palepale. Mimi nikiikuta imebandikwa mwishoni, kwanza huchapisha `qs.query`, yaani SQL ambayo Django inaituma kwenye hifadhidata, na kuhesabu JOIN (miunganisho ya majedwali) zilizomo.

Na ukitaka wateja wasio na oda ya aina hiyo, je, `exclude()`, inayoondoa wanaotimiza masharti, si kinyume cha `filter()`? Hapa hata wazoefu huteleza. Masharti mawili ndani ya `exclude()` moja hayalazimiki kuhusu oda moja, hivyo Asha ataondolewa bila kustahili. Tafuta kwanza oda zenyewe, kisha uwaondoe wenye nazo: `exclude(oda__in=Oda.objects.filter(mwaka=2023, imelipwa=False))`.

Na `oda.mteja.id` si sawa na `oda.mteja_id`, ingawa namba ni ileile. Ya pili tayari imo ndani ya oda. Ya kwanza humfuata mteja mzima kwenye hifadhidata. Kwa orodha ya oda 100 hizo ni kweri (maombi kwa hifadhidata) 101: moja ya orodha na moja kwa kila oda. Ukihitaji na jina la mteja, `select_related('mteja')` huleta vyote kwa kweri moja.