Makopo ya Maji Chuoni: Yanayosemwa na Yalivyo

Muulize mwanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam kama taka za plastiki ni tatizo, atakubali kabla hujamaliza swali, na huenda mkononi ameshika kopo la nusu lita, yaani chupa ya plastiki ya maji ya dukani. Simuiti mnafiki. Sababu anazozitoa zina ukweli ndani yake, ila zimechanganyika na mengine.

"Namba 1 chini ya chupa maana yake tumia mara moja."

Hii imeota mizizi kwelikweli. Hata wa sayansi mwaka wa tatu utamsikia. Geuza chupa uone: pembetatu ya mishale, 1 katikati, na herufi PET au PETE chini yake. Namba hiyo inataja aina ya plastiki, basi. Mfumo huo ulianzishwa na wenye viwanda vya plastiki Marekani mwaka 1988 ili wachambuaji wa taka wajue wanachoshika. Wala ile mishale si ahadi kwamba chupa itarejelezwa. Kifuniko chenyewe ni plastiki nyingine, kwa kawaida namba 2 au 5.

Ukiijaza tena, cha kuhofia zaidi ni vijidudu. Mdomo ni mwembamba, brashi haipiti, mate yanaingia, na maji yanashinda na uvuguvugu ndani ya begi tangu kipindi cha asubuhi. Chupa ya mdomo mpana inaoshwa na kukauka. Hapo ndipo tofauti ilipo.

"Maji yaliyokaa juani kwenye plastiki ni sumu."

Ajabu ni kwamba Shirika la Afya Duniani linakubali njia ya kutibu maji kwa jua: maji yasiyo na tope, ndani ya chupa angavu ya PET, saa sita za jua kali, au siku mbili kukiwa na mawingu. Ni kweli kwamba joto likipanda sana, nyuzi 60 na kuendelea, antimoni, kemikali iliyotumika kiwandani kutengeneza PET, huvuja zaidi. Ile kemikali ya BPA inayoogopwa kwenye magrupu ya WhatsApp haitumiki kutengeneza PET. Mwenye hofu afuatilie jambo jingine: mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walipima maji ya chupa yanayouzwa Marekani wakakuta wastani wa chembe 240,000 za plastiki kwa lita, takriban asilimia 90 zikiwa za nano, yaani ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Madhara yake kwa mwili bado yanachunguzwa.

"Maji ya dukani ni salama kuliko ya kuchemsha."

Kwa vijidudu, maji yaliyochemka sawasawa yanatosha. Lakini hapa nasimama upande wa wanafunzi. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na kuchemsha hakuiondoi. Isitoshe hosteli nyingi haziruhusu hita wala jiko. Sasa achemshie wapi? Anayemlaumu aulize kwanza kama chuo kimeweka mahali pa kujazia maji ya kunywa. Bumu, yaani fedha ya mkopo wa wanafunzi, la chakula na malazi ni Sh10,000 kwa siku. Makopo matatu ya Sh500 yanakula 1,500. Wanaochanga chumba kizima wakanunua dumu la lita 18 la kujaziwa tena wameshapiga hesabu hiyo.

"Serikali ilishapiga marufuku plastiki."

Kilichopigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019 ni mifuko ya kubebea. Chupa za maji hazikuguswa, ndiyo maana hata kwenye kongamano la mazingira utakuta meza kuu imepangwa makopo mbele ya kila mgeni rasmi. Kenya ilikwenda mbali zaidi: tangu 5 Juni 2020 chupa hizo haziruhusiwi kwenye hifadhi za taifa na fukwe zinazolindwa.

"Itaokotwa tu."

Na nani, kwa faida gani? Chupa tupu ya nusu lita ina gramu kumi na kitu, ishirini ikizidi, kwa hiyo kilo moja inataka chupa 50 hadi 100. Muokota makopo anauza kwa kilo, basi anachagua: anafungua kifuniko, anamwaga maji, anaikanyaga, anaitia kwenye kiroba. Iliyojaa tope mtaroni au iliyolowa mchuzi wa maharage anaipita, maana itashushwa bei. Kati ya plastiki zote zilizokwisha kuwa taka duniani hadi 2015, zilizorejelezwa ni kama asilimia 9. Ukitaka yako iokotwe kweli, imwage maji na usiichanganye na mabaki ya chakula.